Kwa Nini Mto Hupimwa Jioni

Mto hupimwa jioni.

Leo mchana mjomba wenu Senzota aliyasema maneno hayo mezani, mara tu mchumba wa Eliwaza alipoondoka na lile gari lake linalong'aa, nanyi mkacheka mkidhani mzee amechanganya habari. Kisha mkanifuata jikoni mkaniuliza, "Bibi, mto na mchumba wapi na wapi?" Nikawaambia ngojeni nimalize vyombo. Vyombo vimekwisha. Kaeni basi, na nikipandisha sauti msiogope, sijawakasirikia ninyi. Methali hii niliiona ikizaliwa, mchana kweupe, pale darajani, na hasira ya siku ile haijaniisha mpaka leo.

Kwanza kitendawili. Usiku hunenepa, mchana hukonda. Haya, Eliwaza. Mwezi? Siyo. Na wewe mwenzake, Kirumbe? Tumbo la mlevi! Una akili wewe, lakini siyo. Nipeni mji. Mmenipa Tanga. Nimekwenda Tanga, nimekula samaki, nimerudi. Jibu ni ndiva.

Ninyi mmekua na bomba ukutani, ndiva mmeiona ikiwa shimo lenye majani. Zamani ndiyo iliyokuwa uhai wetu hapa Mkwandu. Ni bwawa lililozungushiwa mawe na udongo wa mfinyanzi, kando ya mto Nambeho, kule juu. Jioni banio lake, tundu la kutolea maji, linazibwa kwa vigogo vya mgomba na tope, mto unaingia humo taratibu usiku kucha. Asubuhi linazibuliwa, maji yanatoka kwa kishindo, yanafuata mfereji kwenda mashambani kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Yanayobaki yanarudi mtoni juu kidogo ya daraja. Kwa hiyo ukisimama darajani asubuhi ya kiangazi unaona mto wa kukupeleka. Ukisimama pale pale jioni unaona mkojo wa ndama. Mto ni ule ule. Asubuhi unaona maji ya usiku mzima yakipita kwa saa mbili.

Na jambo moja zaidi, mliweke akilini. Maji ya Nambeho ni baridi, yanauma meno. Maji ya ndiva yana uvuguvugu na harufu ya majani, kwa sababu yamelala. Mtu aliyezoea akiyagusa tu anajua.

Nilipoolewa hapa, mwenye ndiva alikuwa Mzee Kajiru, kaka yake marehemu baba mkwe wangu. Mimi nilimwita baba mkubwa. Mama mkwe wangu, Nakijwa, alimwita shemeji. Kajiru alikaa juu, karibu na banio. Sisi tulikaa mkiani, shamba la mwisho kwenye mfereji, na nyumba chini kidogo ya daraja. Maji ya kulima yalitufikia mwisho na machache. Ya kunywa tulichota mtoni, na kila alichokifanya mtu wa juu, chema au kichafu, kilitufikia sisi. Nakijwa alilima tangawizi. Mumewe alipokufa, ile tangawizi ndiyo iliyowasomesha watoto wake wanne, akiwamo babu yenu.

Sasa kulikuwa na desturi. Mgeni haonyeshwi tumbo la ndiva. Akija mgeni mkubwa, ndiva inafungwa siku mbili tatu ijae mpaka mdomoni, kisha inafunguliwa mbele yake kwa vigelegele, ili aseme nchi hii ina neema. Ilikuwa heshima. Wala siikatai. Hata mimi mgeni akija natoa sahani za kabatini.

Lakini aliyekuja safari ile hakuja kula. Alikuja kupima.

Kampuni moja ilitaka kujenga mji wa mapumziko pale ukingoni mwa msitu: hoteli na nyumba ndogo arobaini za watu wa nchi za joto wanaotafuta ukungu. Kabla ya kujenga ilibidi wajue mambo mawili. Maji yatatoka wapi, na majitaka yatakwenda wapi. Hata anayejenga banda la kuku hujiuliza hayo. Wakamtuma Injinia Kalokola, mtu mpole, mwenye miwani na viatu vizuri. Na alikuwa na akili, msione namsema. Alichagua mwezi wa kumi, kiangazi kikali, ili auone mto ukiwa mdogo kabisa.

Kajiru aliposikia anakuja, akafunga ndiva siku tatu.

Moja ya siku hizo ilikuwa zamu yetu. Nakijwa akapanda kwake, mimi nyuma yake.

"Shemeji, zamu yangu ni leo. Tangawizi imekunja majani."

"Vumilia, mke wa ndugu yangu. Mgeni anakuja kesho."

"Mgeni anakuja kupima mto au kupima ndiva?"

"Anakuja kuona. Akiuona mto umekonda atakwenda kujenga mlima mwingine, na barabara itakwenda huko, na kazi zitakwenda huko. Unataka hivyo?"

"Nataka aone kilichopo."

Kajiru akacheka. "Wewe ukipata mgeni humpi chai ya jana. Nenda nyumbani."

Asubuhi ya pili injinia akafika. Vigelegele, ngoma, banio likazibuliwa, maji yakashuka yakinguruma. Akaenda zake darajani. Kijiti kimoja akakichomeka ukingoni, juu kidogo ya daraja, kingine chini hatua ishirini, akatoa chungwa mfukoni, akalitupa majini na kuangalia saa yake. Ndivyo walivyopima. Chungwa likikimbia, mto una maji. Lile chungwa, wajukuu zangu, lilikwenda kama limeitwa! Akaandika. Akapima upana na kina, akaandika. Uso wake ulifurahi kabisa.

Nakijwa akasogea. "Baba, karibu sana. Nakuomba urudi jioni upime tena."

"Mama, nina milima mingine minne wiki hii."

"Jioni ya leo tu. Nitakupikia."

"Nakushukuru, mama yangu. Lakini nimeshapima." Akapanda gari.

Lile chungwa lilishuka mpaka kwetu, nikaliokota kwenye majani ya magimbi. Jioni Nakijwa akaniambia, "Lete chungwa tukampimie." Tukaenda darajani wawili. Akalitupa pale pale, kwenye kijiti cha kwanza. Likazama nusu, likagusa changarawe, likakaa. Tukalisubiri. Kunguru alikuja akalitazama akaondoka. Halikufika kijiti cha pili.

Nakijwa akalichukua moja kwa moja hadi kwa Kajiru, akalitua mbele yake. "Shemeji, mto wako huu hapa. Umeshindwa kubeba chungwa. Mwandikie injinia ulifunga ndiva."

Kajiru akalipokea, akalifuta kwenye kanzu, akalimenya, akalila. Kipande kimoja kimoja, akitutazama. Alipomaliza akasema, "Asante kwa chungwa."

Nakijwa akageuka akashuka mlima, mimi nyuma yake.

Miezi ikapita, mpango wa kampuni ukaja, ukasomwa mkutanoni. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na karani alipochoka kusoma nikapewa mimi niendelee. Nilisoma kwa mdomo wangu huu. Ulisema bomba la hoteli litachukua nusu ya mto, juu ya ndiva, na nusu itabaki kwa wananchi. Ulisema majitaka ya vyoo, mabafu na jikoni yatasafishwa katika mabwawa matatu, kisha yatarudishwa mtoni juu ya daraja, na mto utayachanganya, sehemu moja ya majitaka kwa sehemu ishirini za maji ya mto. Nikaona. Nusu ya mto wa asubuhi ni mto wote wa jioni na zaidi! Na zile sehemu ishirini za kuoshea zitatoka wapi? Niliona yote, karatasi iko mkononi, watu mia mbili wananisikiliza, na Kajiru ameketi mbele. Nikasema "mwisho wa kusoma," nikakaa. Mke mgeni hambishii baba mkubwa hadharani, ndivyo nilivyofundwa. Nakijwa alisimama peke yake, akaambiwa aketi. Kwa hiyo hasira yangu si ya Kajiru na injinia tu. Kipande chake kikubwa ni changu mwenyewe.

Hoteli ikajengwa. Mwaka wa kwanza na wa pili mvua zilikuwa nzuri, wageni wachache, hakuna aliyelalamika. Kajiru alipewa kofia yenye jina la hoteli, akaivaa mpaka kanisani.

Mwaka wa tatu mvua za vuli zilichelewa na hoteli ilijaa. Bomba likachukua nusu yake, ile ya kwenye karatasi. Ndiva ikakauka, udongo wake ukapasuka ukakunjamana kama ngozi ya kenge. Mtoni hakikushuka kitu kutoka juu. Lakini darajani palikuwa na maji. Ndiyo! Palikuwa na maji ya rangi ya chai, yenye povu la sabuni na harufu ya kukutoa chozi. Yale mabwawa matatu yalikuwa yameelemewa, yakatoa yalichokitoa, na mto uliotakiwa kuyaosha haukuwapo. Mto wetu ukawa ni maji ya kuogea na ya chooni ya watu wa mapumziko. Na nani alikuwa mkiani? Sisi.

Nakijwa alinyweshea tangawizi maji yale wiki mbili kwa kukosa mengine. Ikaoza ardhini. Ukiivuta inakuja mkononi kama ndizi iliyopitiliza. Halafu mwanangu wa kwanza, Nambike, akiwa na mwaka mmoja na miezi, akaanza kuharisha. Nilikuwa nachemsha maji, jamani, nilichemsha, lakini mtoto anatambaa, anatia mikono kila mahali. Siku ya tatu macho yakaingia ndani. Tulimbeba mgongoni kwa zamu kushuka mpaka zahanati, mimi na Nakijwa. Alipona. Nambike huyo ndiye mama yenu, kwa hiyo mjue ninapoongea kwa sauti naongea juu ya nini.

Siku niliyorudi naye, Nakijwa alikwenda nyumba kwa nyumba. Barua kwa kampuni ikaandikwa, niliiandika mimi, na safari hii sikukaa kimya. Ikajibiwa. Injinia Kalokola angekuja kukagua siku ya Alhamisi, asubuhi.

Alhamisi tumefika darajani, na je, tunaona nini? Mto! Maji meupe, mengi, yanaruka juu ya mawe. Povu hakuna. Harufu hakuna. Wanawake wakashikana mikono. Meneja wa hoteli alikuwa amesimama pale na shati jeupe, anatabasamu. Injinia akashuka, akachomeka vijiti vyake, akatoa chungwa. Chungwa likakimbia.

Akatugeukia. Hakuwa mkali, alisikitika tu, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Akina mama, nimesoma barua yenu nikakosa usingizi. Sasa mnalia nini? Maji haya hapa."

Mtu atasema nini, na maji yanapita mbele yake?

Ndipo nikamwona Kajiru. Alikuwa ameinama ukingoni, kofia ya hoteli kichwani, mkono wake umo majini. Aliuacha humo kwa muda. Akaunusa. Jani kavu la mti wa msituni likapita, na la pili, na jingine, kama yanavyopita ndiva inapofunguliwa. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu aliyeona nguo yake imevaliwa na mwizi.

Nakijwa naye alimwona. "Shemeji, maji hayo yana nini?"

Kajiru akautia mkono majini tena.

"Miaka thelathini umefungua ndiva. Sema."

"Maji haya," alisema polepole, "yamelala."

Meneja akacheka. "Mzee, maji yanalalaje?"

"Wewe unajua yanavyolala," Kajiru akamwambia. "Una kibwawa pale juu kwenye bomba lako. Umekifunga tangu lini? Jumatatu? Na majitaka umeyazuia yasitoke. Leo asubuhi umefungua." Akasimama, magoti yakimlia. "Usinibishie, kijana. Hila hiyo ni yangu. Nilikuwa naifanya kabla mama yako hajakuzaa."

Injinia akamtazama. "Ni yako vipi, mzee?"

Kajiru akavua kofia, na kichwa chake kilionekana kidogo ghafla. "Siku ulipopima mara ya kwanza, ndiva ilikuwa imefungwa siku tatu. Ulipima heshima. Hukupima mto."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Mimi nilikuambia!" Nakijwa akapaza sauti. "Nilikuambia urudi jioni, nikasema nitakupikia! Ukaniita mama yangu ukapanda gari! Mjukuu wangu amekunywa kinyesi cha wageni kwa sababu ulikuwa na milima minne! Na wewe, shemeji, ulilila chungwa langu!"

Meneja akasema, "Injinia, twende, watu hawa wana ugomvi wa ukoo."

Nakijwa akaenda katikati ya daraja, akatandika kanga, akaketi. "Mto hupimwa jioni," akasema. "Leo atakayeondoka kabla ya jioni atapita juu yangu."

Nikaenda nikakaa kando yake na Nambike mapajani. Mwingine akaja na ungo wa maharage, kama yuko uani kwake, akaanza kuchambua. Tulikaa wanawake arobaini. Gari lilikuwa upande wa hoteli na barabara ya kushukia ilikuwa upande wetu. Injinia akafunga daftari, akakaa juu ya jiwe. "Basi," alisema, "nitangoja."

Hatukufanya kingine. Tulikaa tukautazama mto.

Saa tano maji yakapungua kidogo. Saa nane mawe yakaanza kuonekana, moja moja, kama migongo ya ng'ombe wanaoamka. Hoteli ilijaa, shuka zinafuliwa, watu wanaoga, kibwawa chao kimekwisha, mabwawa ya majitaka yamejaa hayana pa kwenda. Saa tisa na nusu harufu ikaja kabla ya maji. Kisha povu. Meneja alitazama viatu vyake. Saa kumi na moja Nakijwa akanyoosha mkono kwa injinia, na injinia akampa chungwa.

Alilitupa kwenye kijiti cha kwanza. Likakaa pale pale, kwenye uchafu, halikusogea.

Injinia alivua viatu vyake vizuri, akaingia kwenye ule uchafu kwa miguu, akapima. Akaandika, akaiinua karatasi watu waione, akasema, "Mto huu ni sehemu moja ya kumi ya ule nilioandika."

Msidhani siku ya pili mambo yalinyooka. Yalichukua viangazi viwili vingine, na barua nilizoandika zingefunika meza hii. Mwishowe nyumba ishirini na tano zikafungwa zisipokee mtu miezi ya ukame. Majitaka yakahamishiwa upande wa pili wa mlima, yakanyweshee miti yao wenyewe, ili wakichafua wanuse wao. Na ikaandikwa kwamba hakuna atakayepima Nambeho bila kuwa na mtu wa mkiani kando yake, na saa ni kumi na moja jioni. Kajiru alifungua ndiva kwa mara ya mwisho mwaka ule, akamkabidhi Nakijwa kazi ya kugawa maji. Hakuna mwanamke aliyewahi kuishika kabla. Lile shamba la tangawizi halikurudi hata hivyo. Kila mwaka Nakijwa alipanda mstari mmoja kujaribu, na kila mwaka ulioza, mpaka alipokufa. Ndiyo maana pale mnaona majani ya ng'ombe tu.

Kwa hiyo, Eliwaza wangu, simchukii kijana wako. Amekuja asubuhi, amevaa vizuri, ameleta sukari na kitenge, gari limeoshwa, anacheka kila mjomba akisema neno. Ndiva imejaa, nimeiona, nimeipigia vigelegele. Sasa mwambie aje tena, asitoe taarifa, siku ya kupalilia, akiwa na njaa na jua limemchoma, na gari lisiwepo. Ukiona jambo siku hiyo, liseme kwa sauti hata kama wazee wamekaa mbele. Usifanye kama mimi na ile karatasi. Na kama atakuwa bado ana maji, hata kidogo, yakiwa baridi na ya kwake, nitakuwa wa kwanza kucheza harusini.

Mto, mjukuu wangu, hupimwa jioni.